Mzazi Afike Mwenyewe

Kwa miaka minne Mokami hakuwa amemtazama mkwewe usoni, na katika miaka hiyo minne walikuwa wameelewana vizuri kabisa. Ndivyo inavyotakiwa. Mama wa Kikurya aliyeozesha binti hamwangalii mume wa binti yake macho kwa macho, hampi mkono, haketi naye chumba kimoja, hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Huo si uadui. Ni heshima, na Mokami aliilea heshima hiyo bila kuhesabu ilimgharimu nini.

Zamani haikumgharimu kitu. Kabla ya watu kuhamishwa, mama mkwe alikaa kilima chake na mkwe kilima chake, na bonde la katikati lilifanya kazi yote ya adabu. Kisha ikaja operesheni ya vijiji. Watu wakapakiwa kwenye lori pamoja na kuku na masufuria yao, wakashushwa mahali pamoja, mwendo wa nusu siku kutoka Matongo, kwao kwa zamani, wakapangwa kwa mistari kama mbegu za pamba. Waliopima viwanja walikuja na kamba na vigingi. Hawakuuliza nani ni mkwe wa nani, wala nani kesho atakuwa mkwe wa nani. Nyumba ya Mokami ikaangukia mstari wa pili. Nyumba ya Mwalimu Mkuu ikaangukia kando ya njia ya kisimani.

Mwaka mmoja baadaye Mwalimu Mkuu mwenyewe, Nashoni, akamposa Agustina, binti mkubwa wa Mokami. Ng'ombe wakaja, harusi ikafungwa kanisani, watu wakala wakashiba. Kuanzia siku ile kuteka maji kukawa kazi ya akili.

Nashoni alikohoa. Hiyo ndiyo njia waliyoipata, bila mtu kukaa na mwenzake kuipanga. Asubuhi akitoka mlangoni na shati lake jeupe alikohoa mara mbili, kwa nguvu, na Mokami aliyekuwa njiani na ndoo kichwani alijua. Aliingia kwenye mihogo ya mtu, akageuza uso, akasubiri mpaka baiskeli ipite. Kila mara ni yeye aliyeingia kwenye mihogo. Mwalimu alikuwa na haraka, alikuwa na kengele ya kugonga na gwaride la kusimamia. Mokami hakumwekea kinyongo kwa hilo. Ndoo ilikuwa nzito, shingo ilimuuma, basi.

Mumewe, Nyangwine, alikufa kwa homa ya siku tatu mwaka wa pili wa kijiji. Akamwachia Mokami shamba la ekari mbili, zamu zake kwenye shamba la kijiji, na Robi, binti mdogo, ambaye alikuwa ameanza kusoma kila kitu kilichoandikwa, hata maneno ya kwenye gunia la mbolea. Mama huyo na mwanawe walisoma pamoja. Mokami alikwenda kisomo cha watu wazima kila Jumatatu na Alhamisi alasiri, kwenye darasa lile lile Robi alilosomea asubuhi, kwenye dawati lile lile. Aliyemfundisha alikuwa Mwalimu Hezekia, kijana mpole mwenye miwani. Mwalimu Mkuu akija kukagua alikohoa, akaishia mlangoni, na mwanafunzi mmoja, mama wa watu, alikaa akiutazama ukuta mpaka ukaguzi uishe. Hivyo hivyo, akiutazama ukuta, alijifunza kusoma, kuandika na kuweka sahihi. Siku alipopewa cheti alikitundika juu ya mlango, na alitaka siku moja kukishusha kitundikwe cha Robi, cha sekondari, kikubwa zaidi.

Walimu wote walisema Robi atafaulu. Hezekia alisema. Nashoni mwenyewe, kwa kinywa cha Agustina, alisema kama kuna mtoto mmoja wa shule ile atakayechaguliwa, ni huyo. Mtihani wa darasa la saba unafanywa mara moja. Ukikosa, umekosa, unarudi kwenye jembe, na kabla mihogo haijakomaa mtu ameleta ng'ombe na umeolewa. Mokami alilijua hilo. Kila mama wa kijiji kile alilijua.

Sasa tuje kwenye masharti.

Mwaka ule vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, sabuni dukani hakuna, watu wanafua kwa majivu, na sheria ya elimu ilikuwa mpya: kila mtoto asome, na mtu atakayemzuia mtoto asiende shule achukuliwe hatua. Sheria njema kabisa. Lakini Nashoni, ambaye kila mtu alijua anatafuta cheo cha kuwa Mratibu wa Elimu wa kata, hakuridhika na sheria ya serikali peke yake. Alitengeneza masharti yake mwenyewe juu ya sheria hiyo. Aliyasoma kwenye mkutano wa hadhara mbele ya ghala la pamba, akiwa amevaa suti ya mikono mifupi, na Mokami aliyasikiliza akiwa ameketi nyuma ya kona ya ghala, mgongo kwa msomaji.

"Ndugu wananchi," Nashoni alisema, "kuanzia leo ruhusa ya mwanafunzi haitaombwa kwa barua. Barua mnaandikiwa na mabalozi kwa kubadilishana na kuku. Haitaombwa kwa kumtuma jirani. Mzazi afike mwenyewe, asimame ofisini mbele yangu, aeleze sababu, atie sahihi au dole gumba kwenye daftari la ruhusa. Mtoto mgonjwa aje na cheti cha zahanati. Na mtoto wa darasa la saba atakayefikisha siku ishirini na moja bila ruhusa, jina lake haliendi wilayani. Hafanyi mtihani. Hapa hakuna ndugu, hakuna shemeji."

Watu wakapiga makofi. Mokami naye, nyuma ya kona, alipiga makofi. Alijivunia mkwewe.

Mwezi wa sita Agustina akajifungua mtoto wa kiume. Alimwaga damu nyingi zahanati, wakamrudisha nyumbani kwa machela, hawezi hata kukaa. Mama yake Nashoni alikuwa mbali, kijiji cha Nyakunguru, mgonjwa wa miguu. Na mama yake Agustina, aliye hatua mia tatu kutoka pale, hakuweza kwenda kuuguza nyumbani kwa mkwe. Hilo halikuhitaji kuulizwa. Kwa hiyo Nashoni alimtuma Mzee Mseti, balozi wa nyumba kumi.

"Mama Agustina," Mseti alisema, akiegemea fimbo yake mlangoni, "mkwe wako anakusalimu. Anasema, tafadhali umpe Robi akae na dada yake mpaka apate nguvu."

"Na shule?"

Mseti akacheka. "Jamani! Si anakwenda kwa mwenye shule?"

Mokami naye akacheka. Na hapo ndipo alipokosea, kama mtu yeyote wa kijiji kile angekosea. Ruhusa ya nini? Mwenye kutoa ruhusa ndiye aliyemwita mtoto. Ni sawa na kuomba ruhusa ya kuingia kwa mtu aliyekushika mkono anakuvuta ndani. Akamfungia Robi kanga na kitabu cha hesabu, akamruhusu aende.

Robi alikaa siku ishirini na sita za masomo. Alipika uji wa mzazi, alifua nepi kwa majivu mpaka vidole vikachubuka, aliteka maji, alisaga mtama. Kila alfajiri alimchemshia Mwalimu Mkuu maji ya kuoga na kumwekea chai. Mwalimu alikunywa, akasema asante shemeji, akatoka, akakohoa, akapanda baiskeli. Nusu saa baadaye, darasani, Hezekia aliita majina.

"Robi Nyangwine."

Kimya. Na Hezekia, kwa kuwa ndivyo alivyoamriwa, aliweka alama nyekundu.

Jumatano moja ya mwezi wa nane Robi alirudi nyumbani saa sita mchana, jembe la shule begani, uso umevimba kwa kulia. Orodha ya watahiniwa ilikuwa imebandikwa. Majina ishirini na saba. Chini yake, kwa wino mwekundu, watoro kumi na wawili waliofutwa, na wa nne alikuwa yeye.

"Umesoma vibaya," Mokami alimwambia.

"Mama, mimi nasoma vibaya?"

Hapana. Hakuwa anasoma vibaya. Mokami aliacha mihogo aliyokuwa anamenya, akanawa mikono, akamtafuta Mseti. Hakuwa na hasira bado. Aliamini ni kosa la kalamu, na kosa la kalamu linafutwa na kalamu. Mseti akaenda shuleni, akarudi jua likiwa bado juu, anatembea polepole kuliko alivyokwenda.

"Anasema yeye hawezi kupindisha. Anasema daftari halimjui shemeji."

"Umemwambia mtoto alikuwa nyumbani kwake?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

Mseti alichora chini kwa ncha ya fimbo. "Anasema kama kuna sababu, mzazi afike mwenyewe."

Mokami alimwacha Mseti mlangoni. Akaingia ndani, akachana karatasi kutoka daftari lake la kisomo, akaandika kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa zilizonyooka, kwamba Robi alikuwa akimuuguza dada yake na kulea mtoto. Hakuandika ni nyumba ya nani. Kumtaja mkwe hivyo kwenye karatasi aliona ni kumvunjia heshima. Robi akaipeleka Alhamisi asubuhi. Ikarudi mchana na mstari mwekundu umeikata katikati. Chini yake: *Barua hazipokelewi. Mzazi afike.*

Ndipo hasira ilipoanza kumpanda. Wino mwekundu ule ulimuuma kuliko kukataliwa kwenyewe. Mtoto wake amefua nepi za mtu huyu. Mtoto wake amekesha na mwana wa mtu huyu akilia tumbo. Na yeye mwenyewe, Mokami, ameingia kwenye mihogo miaka minne, na ndoo kichwani, ili bwana huyu apite na shati lake.

Alasiri ile Agustina alikuja, mtoto mgongoni, akipita nyuma ya nyumba ili majirani wasimwone. Aliketi kwenye kigoda, akaanza kulia kabla hajasema neno.

"Usilie. Sema," Mokami alisema.

"Nimemwomba tangu jana, mama. Nimepiga magoti. Anasema akiandika kwamba Robi alikuwa kwetu, atakuwa amejishitaki mwenyewe. Sheria inasema mtu anayemweka mwanafunzi nyumbani kufanya kazi achukuliwe hatua. Na Mratibu anaondoka, nafasi yake inatafutiwa mtu. Wataliona jina lake."

"Kwa hiyo Robi afutwe ili yeye awe Mratibu."

Mtoto akajinyonganyonga mgongoni, Agustina akampapasa.

"Basi kwa nini anasema nifike? Kama hataki iandikwe, nikifika ataandika nini?"

Agustina alimtazama mama yake, na ilionekana wazi neno lililokuwa mdomoni linamwaibisha. "Hana wasiwasi wa kuandika, mama. Anajua huwezi kuja."

Kuku waliingia ndani, wakadonoa maganda ya mihogo, Mokami hakuwafukuza. Alikuwa akiyapanga mambo moja baada ya jingine, taratibu, na kila alilolipanga lilimchoma. Baba wa mtoto amekufa, Nashoni alimzika. Mzazi aliyebaki ni mmoja, Nashoni anamjua. Mzazi huyo ndiye mtu pekee katika kijiji kizima asiyeweza kuvuka kizingiti cha ofisi ile, na Nashoni anajua hilo kuliko wote, kwa sababu ni kwa ajili yake. Kwenye mikutano anasimama kusema mila zinaturudisha nyuma. Na hapa ameichukua mila hiyo hiyo akaisimamisha mlangoni kama mgambo, imzuie mama wa mkewe asimtetee mtoto. Heshima aliyopewa ameifanya kitasa.

"Orodha inakwenda lini?" aliuliza.

"Kesho. Mratibu anakuja kuichukua saa sita."

"Nenda nyumbani ukanyonyeshe mtoto."

"Mama, usije ukafanya…"

"Nenda nyumbani, Agustina."

Ijumaa saa nne asubuhi Mokami alitoka. Alikuwa ameoga, amejifunga kanga yake moja nzuri, kichwani kitambaa cheupe cha kanisani. Mkononi hakushika kitu. Alipita njia ya kisimani katikati kabisa, mbele ya nyumba ya mkwe, akaingia njia ya shule. Kwenye shamba la shule watoto waliacha kulima. Robi alikuwa miongoni mwao, jembe limemganda mikononi. Mwalimu wa zamu akataka kuwakemea watoto, akaona yule anayekuja ni nani na anakwenda wapi, akasahau kukemea.

Mseti alikuwa kwenye ngazi za ghala. Alipomwona alinyanyuka kwa kasi ambayo miguu yake ilikuwa haijaionyesha tangu operesheni.

"Mama Agustina! Yuko ndani! Nashoni yuko ndani!"

"Najua. Ndiye ninayemfuata."

"Utavunja mwiko, mama! Hata mbuzi wa kutakasa akichinjwa, watu watasema mpaka tufe!"

"Waseme. Walipomfuta mtoto wangu hakuna aliyesema." Alisimama, akamgeukia. "Wewe ndiye uliyekuja kumchukua Robi mlangoni kwangu, Mseti. Ulicheka. Ingia nami ukaeleze, au rudi ukae."

Mseti akabaki amesimama, hakuingia, hakukaa.

Ofisi ya Mwalimu Mkuu ilikuwa chumba kimoja, mlango mmoja na dirisha la mbao lililofunguliwa kwa ajili ya hewa. Nashoni alikuwa mezani, anaandika. Hezekia alikuwa kwenye meza ndogo kando yake, anasahihisha madaftari. Mokami hakukohoa. Alivuka kizingiti, akasimama mbele ya meza, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne akamtazama mkwewe usoni. Akashangaa. Alikuwa kijana tu. Alikuwa ameanza kupata upara.

"Nimefika," alisema.

Nashoni aliinua macho. Kalamu ikamtoka. Akajifunika uso kwa daftari la mahudhurio, akajigonga ukutani, kiti kikaanguka. "Mama," alisema nyuma ya daftari, "mama, tafadhali, hapana, hapana." Sauti yenyewe haikuwa ya mkutano wa hadhara. Mokami alipiga hatua moja mbele. Na Mwalimu Mkuu, msomi, mwenye masharti, adui wa mila zinazoturudisha nyuma, alipanda juu ya kreti la chaki, akapitisha mguu dirishani, kisha wa pili, akaangukia upande wa pili kwenye maua ya shule. Kiatu kimoja kilibaki ndani.

Watoto shambani wakapiga yowe. Hezekia alikuwa amesimama wima kama anapigiwa wimbo wa taifa.

"Shikamoo mama. Shikamoo. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Mara moja inatosha." Mokami alikiinua kiti kilichoanguka, akakifuta kwa upindo wa kanga, akakikalia. "Nipe daftari la ruhusa."

"Mama, mwenye kulitoa ni…"

"Mwenye kulitoa yuko kwenye maua. Alisema mzazi afike, nimefika. Asimame mbele yake. Nilisimama, kakimbia yeye. Lete."

Hezekia akalileta. Mokami alilifungua, akafuata mistari kwa kidole, kama alivyofundishwa na huyu huyu. Muhula mzima ulikuwa na maombi matano ya ruhusa. Mtoto wa Mwenyekiti wa kijiji, siku tisa, safari ya kupeleka ng'ombe Sirari: imekubaliwa. Efrazia, binti wa Wegesa, ameumwa na nyoka, siku ishirini na tatu: imekataliwa, hana cheti. Mokami alimkumbuka Efrazia na mguu wake uliojaa kama gogo. Alikumbuka pia mganga wa zahanati akiiambia foleni nzima kwamba karatasi za vyeti zimekwisha tangu Pasaka.

"Huyu mtoto mlimwona mguu?" aliuliza.

"Tuliuona, mama," Hezekia alisema kwa sauti ndogo.

"Mkauona, mkadai karatasi."

Mokami alichukua kalamu ya Nashoni, iliyokuwa bado imelala mezani, akaandika. Hakuharakisha. Jina la mwanafunzi: Robi Nyangwine. Siku: ishirini na sita. Kwenye safu ya sababu aliandika, na safari hii hakuficha nyumba: *Alikuwa nyumbani kwa Mwalimu Mkuu akimlea mtoto wa Mwalimu Mkuu, kwa kuitwa na Mwalimu Mkuu.* Akatia sahihi, jina lote. Kisha akaisoma tena safu ya mwisho: sahihi ya anayeruhusu.

Alinyanyuka na daftari, akaenda dirishani. Hakuchungulia. Aliweka daftari wazi juu ya ukingo wa dirisha, kalamu juu yake.

"Mkwe," alisema, na ukutani nje kukasikika mtu anahema. "Nimekuheshimu. Nimekaa kwenye mihogo ya watu mvua ikininyeshea ili wewe upite. Nilidhani na wewe unaniheshimu mimi. Kumbe ulikuwa unahesabu tu mahali nisipoweza kufika. Sasa sikiliza. Tia sahihi hapo. Usipotia, nitakaa kwenye kiti chako. Nitakaa mpaka Mratibu aje, nimsomee nilichoandika, nacho nakisoma vizuri, nimefundishwa kwenye shule yako. Na wewe hutaweza kuingia kuniita mwongo, maana mimi ni mama mkwe wako, na niko ndani."

Kuku wa shule walipita. Kisha mkono ulipanda kutoka chini, mkono wa shati jeupe lililochafuka udongo, ukapapasa ukingo, ukapata kalamu. Ukaandika. Ukashuka.

Hezekia alilitazama daftari, akavua miwani, akaivaa tena. Bila kuambiwa alivuta orodha ya watahiniwa, na chini ya jina la ishirini na saba akaandika la ishirini na nane. Robi Nyangwine. Mokami aliisoma mara mbili, herufi kwa herufi. Akarudi kwenye kiti, akakaa.

"Asante mama," Hezekia alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Sasa unaweza kwenda. Mwalimu aingie, aje atie muhuri kabla Mratibu hajafika."

Mokami alikuwa bado ameishika orodha. Alikuwa akiangalia sehemu ya chini, yale majina yenye wino mwekundu. La Robi Hezekia alikuwa amelikata. Yalibaki kumi na moja, la Efrazia likiwamo.

Nje ya dirisha Nashoni alikohoa. Alikohoa mara mbili, kwa nguvu, kama kila asubuhi kwenye njia ya kisimani, kumwambia mtu ampishe. Akasubiri. Akakohoa tena.

"Kohoa, mwanangu," Mokami alisema, bila kugeuka. "Kohoa mpaka uchoke. Leo sitoki njiani."

Akakivuta kiti cha Mwalimu Mkuu karibu na meza, akalifungua daftari la ruhusa ukurasa mpya, akamwambia Hezekia aende akamwite Wegesa.